Kwa nini pip siku hizi inagoma kusakinisha? Ni mabadiliko ya 2020

Unaandika pip install, unabonyeza Enter, halafu badala ya paketi unapata maandishi mekundu: matoleo yanagongana. Wengi hudhani pip imeharibika. Kumbe hapo ndipo inafanya kazi yake.

Shida ilikuwa wapi?

Pip husakinisha paketi za lugha ya Python. Paketi moja hutegemea nyingine, na hizo nazo zina za kwao.

Chukulia mradi wako unahitaji paketi A na B, na zote mbili zinatumia C. A inataka C iliyo chini ya toleo la 2. B inataka toleo la 2 kwenda juu. Hakuna C ya kuziridhisha zote mbili.

Pip ya zamani ilimsikiliza aliyetangulia kuongea. Ilichukua C ya A, ikapuuza sharti la B, kisha ikasakinisha zote. Onyo lilitoka, lakini nani husoma maonyo? Leo mambo shwari, kesho programu inakwama mbele ya mteja na hujui uanzie wapi.

Kilichobadilika

Viraka havikutosha. Sehemu inayochagua matoleo iliandikwa upya, kwa ufadhili wa Mozilla na Chan Zuckerberg Initiative. Watumiaji waliijaribu kwenye pip 20.2 mwezi Julai 2020, na tarehe 30 Novemba ikaanza kutumika rasmi kwenye pip 20.3.

Sasa pip huangalia masharti yote kwa pamoja. Inachagua toleo, likigongana na sharti jingine, inarudi nyuma na kujaribu la zamani zaidi. Ikikosa kabisa mpangilio unaokubalika, inakutajia zinazogombana na haisakinishi chochote.

Gharama yake

Kurudi nyuma kuna bei. Ili kujua toleo fulani linategemea nini, mara nyingi pip ililazimika kulipakua kwanza. Hivyo ingeweza kupakua matoleo mengi ya paketi moja kabla ya kupata linalofaa. Kwa anayetumia bando la simu, hiyo ni hela.

Nafuu ilikuja 2023, pale PyPI, ghala la paketi za Python, ilipoanza kutoa maelezo ya utegemezi kama faili dogo la pembeni. Kwa paketi nyingi, pip mpya husoma hilo tu kabla ya kuamua.

Ufanye nini?

• Sasisha pip kwanza.
• Weka mipaka ya matoleo kwenye requirements.txt. Machaguo yakipungua, pip haihangaiki sana.
• Kwa mradi wa zamani, andika pip check uone kama kuna paketi zinazogombana kimyakimya.
• Likitokea kosa, soma majina yaliyotajwa, kisha legeza sharti moja au tafuta toleo jingine.

Kosa la leo linaudhi, ndiyo. Lakini ni heri likukute mezani kwako kuliko likukute kwa mteja.