Kuhara, kolera ao tifoide: neno moja katika rejista linaweza kulinda kijiji

Mugonjwa anapofika kwenye kituo cha afya na kusema kwamba tumbo linamusumbua, muganga anamuuliza maswali, anamupima, kisha anaandika jina la ugonjwa ndani ya rejista. Wakaaji wengi wanafikiri jina lile ni kazi ya muganga peke yake. Kumbe ndilo linaonyesha dawa gani itatolewa, na kama zone ya afya itapata habari kwamba kuna hatari.

Kodi ni kitu gani?

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lina orodha ya magonjwa inayoitwa CIM kwa Kifaransa. Kila ugonjwa una kodi yake, yaani herufi na namba. Katika CIM-10, kolera ni A00, homa ya tifoide ni A01.0, na kuhara kunakoletwa na bakteria Shigella ni A03. Kuhara ambako chanzo chake hakijajulikana kunawekwa kwenye A09. CIM-11 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022 na kodi zake ni zingine, lakini kazi ni ile ile: Bukavu na Kinshasa wahesabu ugonjwa mumoja kwa jina moja. Hata pale kituo kinapoandika jina bila kodi, jina lile ndilo linahesabiwa.

Bakteria tatu, matunzo matatu

Kolera inaleta kuhara maji maji meupe kama maji ya kuoshea muchele, mara nyingi bila homa. Mutu anaweza kukaukiwa na maji na kufa kwa masaa machache. Dawa ya kwanza ni kurudisha maji mwilini: SRO ya kunywa, ao serumu kwenye mushipa kama amezidiwa. Antibiotiki ni nyongeza kwa waliozidiwa.

Shigella inaleta damu ndani ya choo, homa na maumivu ya tumbo. Hapo muganga ataangalia antibiotiki inayofaa.

Tifoide inaleta homa inayopanda siku kwa siku, kichwa kuuma na uchovu. Wengine hata hawahare, wanafunga choo. Inafanana sana na malaria, kwa hiyo malaria ipimwe. Kipimo cha Widal peke yake kinaweza kudanganya. Kuotesha damu katika labo kunaaminika zaidi. Kumeza antibiotiki "ya tifoide" kwa kila homa ni kupoteza feza na kuzoesha bakteria dawa.

Hatari ya jina lisilo sawa

Tuseme, kando ya Ziwa Tanganyika, watu wazima watano wanahara maji maji kwa siku mbili. Wakiandikwa "kuhara" tu, hakuna anayeshituka. Lakini wa kwanza akiandikwa "anashukiwa kolera", choo chake kinapelekwa labo, maji yanatiwa klore, na wareko wanapita nyumba kwa nyumba. Mwaka 1994, kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda karibu na Goma, kwa majuma machache tu. Ugonjwa huu haungoje.

Mukaaji afanye nini?

Amuambie muganga yote: kuhara kulianza lini, kama kuna damu, nani mwingine nyumbani anahara, maji ya kunywa yanatoka wapi, na dawa gani alishameza. Asiogope kuuliza: "Muganga, umeandika ugonjwa gani?"

Asingoje kufika kituoni ili aanze kunywa. Kifuko cha SRO kinatiwa katika litre moja ya maji safi. Kama hakuna, litre moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mutoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na safari ya kwenda kituoni isiahirishwe mpaka kesho.