Sauti Inayomzunguka Msikilizaji

Mtu akifumba macho kwenye stesheni ya Bukene, hahitaji kuambiwa treni inatokea wapi. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, inapita hapohapo mjini. Treni ya kutoka Tabora huanza kwa honi upande wa kusini, muungurumo ukajaa kifuani, kisha ukafifia kuelekea Isaka. Sauti hulifikia sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo unamalizia hesabu.

Zamani, kabla ya reli, misafara ilisikika hivyohivyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walifuatana kwa mstari mmoja, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele, wimbo ukianzwa huku na kuitikiwa kule nyuma. Aliyesimama kando ya njia alisikia wimbo ukimpita.

Redio ikaja ikabana sauti zote katika tundu moja: mwimbaji, ngoma na kayamba. Stirio iliongeza kushoto na kulia, basi. Wanamuziki wa elektroniki wa majaribio wanataka zaidi ya hapo, nao huwazungushia wasikilizaji spika 8, 16 au hata mamia.

Kila spika ina njia yake ya sauti kutoka kwenye kompyuta. Mwanamuziki akitaka ndege aliyemrekodi msituni aruke kutoka mbele hadi nyuma ya watu, anapunguza spika ya kwanza huku akiipandisha inayofuata, na sikio linaamini ndege amehama. Besi nzito hupelekwa kwenye sabufa, spika maalumu ya besi, kwa kuwa sikio halitambui vizuri inatokea upande gani. Kwenye skrini, programu inapima ukubwa na wembamba wa sauti na kuugeuza mwanga: mdundo ukitua, picha inatanuka, mchakacho mwembamba unakuwa vumbi jeupe linalopeperuka.

Muziki wa namna hii una mizizi barani Afrika. Mwaka 1944 mjini Cairo, mtunzi Halim El-Dabh alirekodi ngoma ya kupunga pepo, zaar, kwa mashine iliyonasa sauti kwenye waya, kisha akaibadilisha sauti hiyo studio hadi ikawa kitu kipya. Miaka 14 baadaye, kwenye maonyesho ya dunia mjini Brussels, muziki wa mtunzi Edgard Varèse ulitembea kwenye mamia ya spika zilizofungwa kwenye kuta za banda la kampuni ya Philips, huku picha alizochagua msanifu majengo Le Corbusier zikimulikwa juu ya watu.

Leo jina la Afrika Mashariki linalotajwa sana katika fani hii ni KMRU, yaani Joseph Kamaru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997. Babu yake, mwenye jina hilohilo, alikuwa nguli wa muziki wa Kikuyu. Mjukuu hutembea na kinasa sauti, akikusanya mvua, mitaa na milio ya nyaya za umeme. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020. Mwaka 2022 alitoa Limen pamoja na Aho Ssan wa Ufaransa, kazi waliyoipeleka jukwaani ikisindikizwa na picha za Sevi Iko Dømochevsky.

Dar es Salaam imeshika njia nyingine. Vijana wa Sisso Studio hutengeneza muziki wa singeli kwa kompyuta, mapigo yakipita 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi zao katika Sounds of Sisso, na singeli ikaanza kuingia kwenye matamasha ya Ulaya.

KMRU amewahi pia kurudi kwenye makabati ya wakoloni. Kazi yake Temporary Stored, ya mwaka 2022, imetokana na sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Tanganyika nayo ina hazina ya namna hiyo. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka nchini akirekodi ngoma, maikrofoni mkononi, akiisogeza kutoka chombo kimoja hadi kingine. Rekodi zake zimetunzwa Makhanda, Afrika Kusini. Wachezaji walijipanga duara. Kwenye kanda, duara zima linatokea spika moja.