Gari Kuukuu Uani Petu



Sisi watu wa pwani twaijua jahazi. Chombo kisichopandishwa ufukoni kikakalafatiwa na kupakwa sifa, siku moja kitaingiza maji katikati ya mkondo, wala hakitauliza aliyemo ni nani. Jamaa zetu walipohamia Busia kwa biashara, tulidhani elimu hiyo tumeiacha baharini. Tumeikuta tena uani petu, chini ya mwembe, ndani ya Land Cruiser kuukuu ya dizeli.

Sisi ni wanawake watatu wa nyumba moja: mama mkwe, mkazamwana na wifi. Mabwana zetu huwa safarini siku nyingi, na gari hubaki nasi. Hilo ndilo libebalo magunia ya mahindi kutoka Nambale, ndilo lipelekalo bidhaa Malaba kwa njia ya Alupe na Adungosi, na ndilo ambalo majirani hulikimbilia mtu anapougua usiku. Ni la mwaka 1992, katika ukoo wa namba 70 ambao Toyota iliuanzisha mwaka 1984. Injini yake ni 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusilinunue jingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililokwisha kutumika ambalo umri wake umepita miaka 8, na lililo jipya la aina hii bei yake haishikiki. Basi aliye nalo hulitunza. Ila sisi, kwa muda mrefu, kulitunza kwetu kulikuwa ni kuliosha.

Usiku mmoja wa masika, baada ya Isha, jirani yetu alishikwa na uchungu wa uzazi. Tulimpandisha garini, wifi akashika usukani. Hatukufika mbali. Gari lilianza kukohoa, likapoteza nguvu, kisha likazima kwenye giza, mvua ikinyesha. Tulipiga starta hata betri ikaanza kulegea. Mama mkwe alikuwa nyuma, amemshika mgonjwa mkono, akisoma dua kwa sauti ya chini.

Aliyetusimamia ni dereva wa lori, mzee wa Kiteso aliyekuwa akitoka kwenye foleni ya Malaba. Alisalimu, akauliza, "Binti yangu, mafuta mmetia wapi?" Tukanyamaza. Tulikuwa tumenunua dizeli ya mitungi kando ya njia, kwa kuwa ilipungua bei. Mzee hakutulaumu. Alifungua boneti, akashika kizibo kilicho chini ya filta ya dizeli, akakilegeza kidogo kwa mkono, na chupa tuliyomkingia ikaanza kujaa maji. Alipoona dizeli safi inatoka, alikikaza. Kisha akaipiga ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta, mara nyingi, mpaka ikawa ngumu kubonyea. "Sasa upepo umetoka," akasema. "Piga." Gari likawaka. Hakutumia hata spana moja.

Alhamdulillahi, mtoto alizaliwa salama kabla ya alfajiri. Lakini siku ya pili tulikaa uani kimya. Tulikuwa tumekaribia kupoteza nafsi mbili kwa sababu ya maji yasiyozidi kikombe, na dawa yake ilikuwa mikononi mwetu tangu mwanzo. Mtume wetu (s.a.w.) alimfunza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee kwa Mola wake. Sisi tulikuwa tumetegemea bila ya kufunga.

Tangu siku hiyo tumejiwekea ada, nayo twawapa wasomaji kwa moyo mweupe.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, twatazama oili kwa kijiti chake na maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Rejeta ya moto haifunguliwi kamwe. Mvuke wake huunguza uso. Oili ikipanda juu ya alama bila ya kuongezwa, au ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gari haliendi popote mpaka fundi alione.

Kila Alhamisi twalegeza kile kizibo cha filta na kutazama kitokacho kwenye chupa. Maji hukaa chini na dizeli juu, hata mtoto huyaona. Filta ya hewa nayo twaikung'uta, kwani vumbi la barabara za huku huiziba upesi. Injini isiyopumua hutoa moshi mweusi na kula mafuta. Kila mwezi twatia grisi kwenye shafti na viungo vya usukani, hasa baada ya kupita matopeni.

Dizeli ya mitungi tumeiacha. Bei za pande mbili za mpaka hazilingani, na tamaa ya shilingi chache huwaponza wengi. Mbali na maji, kuna wanaochanganya mafuta ya taa. Ndiyo maana mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya kuchanganya iondoke. Pampu ya injini kama yetu hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi, hayailindi, na pampu ikilika gharama yake hula akiba ya nyumba nzima. Kilichookolewa kwenye mtungi hulipwa mara nyingi gerejini.

Yako pia tusiyoyagusa. Pampu na nozeli hupimwa kwa mashine maalumu, nazo ni kazi ya fundi wake. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, nao ukikatika njiani injini huzima papo hapo, na vali huweza kugongana na pistoni. Sisi twaandika tu kilomita kwenye daftari, pamoja na tarehe za oili na filta, ili fundi asituambie jambo tusilolijua. Tumeona kuwa mwanamke mwenye daftari hupunjwa kwa nadra.

Kwa usalama wa watoto: hatuingii chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, bali twaliweka juu ya stendi imara na kuyazuia magurudumu. Hatuwashi injini ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake huua bila ya kelele. Wala hatuweki mkono penye mpasuko wa bomba la nozeli injini ikiwa inawaka, maana dizeli hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Oili chafu hatuimwagi chini. Majirani hunywa maji ya visima. Twaikusanya kwenye dumu na kumpelekea fundi.

Wako waliotuambia kwamba kazi hii si ya mwanamke mwenye stara. Twafanya uani petu, tumevaa madira ya zamani na mitandio imefungwa vyema, na hatujaona stara iliyopungua. Stara iliyopungua ni ile ya usiku ule, wanawake wanne barabarani gizani, tukisubiri atakayepita.

Yule mzee hatujamwona tena. Hupita malori mengi Malaba, na hatukuuliza jina. Lakini chupa ile tungali nayo, imening'inizwa kwenye mwembe. Kila Alhamisi binti yetu wa miaka tisa ndiye aikingaye chini ya filta, akaiinua juani, akatazama, kisha akatuambia kama twaweza kwenda.