Kisanduku Kinachojibu Chenyewe



Baadhi yenu mmeniuliza juu ya vile visanduku vya kupima joto na unyevu wa ghalani, ambavyo wafanyabiashara huvileta na kusema kuwa khabari zake husomwa katika simu. Suali lenu lilikuwa hili: ikiwa kisanduku kiko ghalani, na simu iko mkononi papo hapo, kwa nini ninunue bando ndipo nisome? Suali hili ni la haki, na jawabu yake yataka maelezo kidogo.

Natutazame kwanza Kigoma, mwisho wa reli ya kati, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wenzetu wa Ujiji na Kibirizi hawana karafuu, lakini wana dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi huanikwa mchangani au juu ya vichanja. Mvua ikiwajia ghafla, kazi ya usiku kucha huharibika, kama vile karafuu zetu zilizorundikwa mbichi zinavyogeuka mpeta. Tena mji wa Kigoma ulitegemea umeme wa majenereta ya dizeli hata mwaka 2022, ndipo ulipoungwa na gridi ya taifa. Mahali kama hapo, chombo kinachokula umeme mwingi na kutaka intaneti kila saa hakimfai mtu wa kawaida.

Mkoani humo humo iko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu. Huko ulifika mpango wa shule ulioanzishwa mwaka 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR. Mwaka 2015 mpango huo ulitangaza darasa zima ndani ya sanduku moja: kompyuta ya mwalimu na vishikwambi 25 vya wanafunzi. Vishikwambi viliweza kuungana na ile kompyuta na kupata masomo kutoka kwake, hata kama intaneti haikuwapo. Hapa ndipo ilipo siri ya suali lenu. Waifai si intaneti. Waifai ni njia ya hewani baina ya chombo na chombo, na intaneti ni safari ya mbali. Vyombo viwili vilivyo chumba kimoja vyaweza kusemezana bila ya kusafiri.

Ili kisanduku kiweze kusema na simu, ndani yake hutiwa programu iitwayo seva ya wavuti. Mfano wake ni karani aliyekaa dirishani. Wewe unaunga simu na waifai ya kisanduku, kisha unaandika anwani yake, ambayo ni tarakimu kama 192.168.1.1. Karani hupokea ombi, husoma kipimo, huandika ukurasa na kukurudishia. Kazi imekwisha, na hata senti moja ya bando haikutumika.

Seva za makampuni makubwa ni kama ofisi yenye makarani mia. Kisanduku kidogo hakiwezi kuzibeba, kwa kuwa kumbukumbu yake ni ndogo na umeme wake ni haba. Kwa hivyo wataalamu wameandika seva nyepesi. Mwaka 2003 Jan Kneschke wa Ujerumani alianza kutoa lighttpd, iwahudumie watu wengi kwa kumbukumbu kidogo. Mwaka huo huo kampuni ya Linksys ilibidi itoe hadharani maandishi ya programu ya ruta yake WRT54G, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na Linux, na leseni ya Linux hutaka hivyo. Mwaka 2004 watu wakayachukua maandishi hayo wakaanza mradi wa OpenWrt. Matoleo ya mwanzo ya ruta ile yalikuwa na megabaiti 16 za kumbukumbu na 4 tu za hifadhi; picha moja ya simu ya leo yaweza kuzidi hizo 4. Leo OpenWrt hutumia seva ndogo iitwayo uHTTPd. Programu za namna hii ni huria, yaani maandishi yake yako wazi, na fundi yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia bila ya kulipia ruhusa.

Kwa nini basi visanduku vingine hutaka bando? Kwa sababu mtengenezaji hakukipa kisanduku ruhusa ya kukujibu wewe. Kipimo hupelekwa kwanza katika kompyuta za kampuni ng'ambo, kisha simu yako hukifuata huko. Njia hiyo ina faida: mtu aliye mjini aweza kujua hali ya ghala lake la shamba. Lakini kampuni ikifunga kazi yake, au ada isipolipwa, kisanduku hubaki bubu.

Wala programu huria haiondoi khatari yote. Iko seva ndogo iitwayo Boa, ambayo watunzaji wake waliiacha tangu mwaka 2005. Juu ya hayo watengenezaji waliendelea kuitia katika ruta na kamera, na Novemba 2022 Microsoft ilitahadharisha kuwa wahalifu waipitia kuingia katika mitambo ya watu. Kadhalika mwaka 2016 virusi viitwavyo Mirai viliteka kamera na ruta nyingi mno, kwa kuwa wenyewe walikuwa hawakubadili neno la siri la kiwandani.

Basi mkiletewa chombo, ulizeni mambo matatu. La kwanza, chasomeka bila ya intaneti? La pili, programu yake bado ina mtu wa kuitengeneza, na mapya yake hupatikanaje? La tatu, neno la siri laweza kubadilishwa? Asiyeweza kujibu haya hajui anachokiuza.

Mwenye kuletewa kisanduku kama hicho na akilete ofisini kabla ya kutoa fedha. Tutazima data ya simu, tuunge waifai ya kisanduku, na tuone kama kitajibu.

Wassalaam,
Katibu