Enkoda Ipi Hurusha Picha Safi?

Ukitazama mpira ukirushwa moja kwa moja kwenye intaneti, huenda umeona picha safi wachezaji wakiwa wametulia, lakini winga akitimka mbio nyasi zinageuka uji. Si kosa la kamera kila mara. Mara nyingi ni enkoda, yaani sehemu ya kompyuta inayobana picha ili zipite kwenye intaneti.

Kuna enkoda za programu, kama x264. Ukizipa muda hubana vizuri sana, ila kompyuta nayo inahema! Nyingine zimejengwa ndani ya chipu: Intel ilileta Quick Sync mwaka wa 2011, Nvidia ikaleta NVENC 2012. Hizi hazichoshi mashine, lakini zile za mwanzo hazikutafuta kwa makini kilichosogea kati ya picha moja na inayofuata. NVENC ya 2018 ilipunguza pengo hilo.

Ukitaka kuzilinganisha, zipe zote kipande kilekile na kilobiti zilezile. Hapa ndipo wengi huteleza: kwa kilobiti 20,000 kwa sekunde zote zinapendeza. Zipe 2,500, tena uchague mvua au nyasi, si uso wa mtangazaji aliyeketi. Ipo pia VMAF ya Netflix, iliyotolewa 2016, inayotoa alama 0 hadi 100 kama mtihani wetu. Naiamini, lakini macho yangu pia nayataka yawepo.

Siku ya michezo tutawarushia wazazi, na intaneti yetu mnaijua. Mimi nitapigia kura ile itakayoshinda kwa 2,500, hata kama kwa 20,000 itashika mkia.