Yunzhi: Dawa ya Gogoni Iliyofika Wodi za Saratani

Kwenye magogo yanayooza katika misitu ya China huota uyoga mwembamba, mgumu kama ngozi iliyokauka, uliopangana tabaka juu ya tabaka, na michirizi ya kahawia, kijivu na nyeupe ukingoni. Ndio yunzhi. Hauliwi kwa sababu hautafuniki. Waganga wa Kichina huuchemsha kwa muda mrefu, mgonjwa akanywa maji yake.

Moto huo una kazi. Kuta za seli za uyoga zimesukwa kwa kitini, kitu kilekile kinachoyapa magamba ya kaa ugumu, pamoja na beta-glukani, minyororo mirefu ya sukari. Maji yanayotokota huzifungua kuta hizo, beta-glukani zikatoka.

Mwili wa binadamu hautengenezi beta-glukani, hivyo seli nyeupe za damu zikikutana nazo hutambua kwamba kuna mgeni. Mwaka 2001, Gordon Brown na Siamon Gordon wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba kipokezi kiitwacho Dectin-1, kilicho juu ya seli hizo, huzinasa. Seli ikishanasa huchangamka na kutoa kemikali za kuziita nyingine.

Wajapani walikuwa wameupeleka yunzhi hospitalini hata kabla ya ugunduzi huo. Kampuni ya Kureha ilichuja kutoka kwenye uyoga huo PSK, beta-glukani iliyoshikamana na protini, nayo ikaidhinishwa mwaka 1977 kusaidia tiba ya saratani.

Ushahidi wenye uzito ulichapishwa mwaka 1994 katika jarida la The Lancet. Wagonjwa 262 wa Japani waliokwisha kupasuliwa kwa saratani ya tumbo walipewa tibakemikali, na sehemu yao wakaongezewa PSK. Baada ya miaka 5, asilimia 73 ya walioongezewa walikuwa hai. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 60. Hizo ni roho za watu, na tofauti hiyo haifai kupuuzwa.

Wala haifai kutiwa chumvi. Wote walipita kwanza kwenye kisu cha daktari, na PSK ilikuwa dawa iliyosafishwa na kupimwa. Unga wa yunzhi unaouzwa kwenye makopo ni jambo jingine: baadhi hutokana na nyuzi za uyoga zilizooteshwa juu ya nafaka na kusagwa pamoja nayo, mnunuzi akalipia wanga. Na aliyepandikizwa figo, anayemeza dawa za kutuliza kinga ili mwili usiikatae, amwone daktari wake kabla ya kugusa kopo lolote la aina hiyo.