Kipupwe chetu, na jiko lililoingia chumbani

Mwezi wa Juni ukiingia, huku Ilula hatuna haja ya kalenda. Tazameni tu mabasi yatokayo Dar es Salaam. Pale Ruaha Mbuyuni abiria wamefungua madirisha yote, wanajipepea. Basi laanza kupanda mlima wa Kitonga, kona baada ya kona, na madirisha yafungwa moja moja. Wafikapo kwetu kununua vitunguu, bei huulizwa mara mbili: mara moja kwa kinywa, na mara moja kwa meno yanayogongana.

Sisi wenyeji twawacheka. Lakini watu wa Mufindi hutucheka sisi, wakisema Ilula ni kwa joto. Na watu wa Makete, ambao asubuhi za Julai huweza kukuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda, huwacheka wa Mufindi. Hivyo kila mwenye baridi ana mwenzake wa kumcheka.

Nyumbani nako kuna mambo. Mtoto aambiwa aoge. Anaosha uso na miguu, sehemu zile tu zitakazoonwa na mwalimu. Baba asema anakwenda kilabuni kidogo ili apate joto. Kumbe pombe huleta damu kwenye ngozi, mtu akajiona ana moto, na huku joto la mwili linatoka. Arudipo usiku ana baridi kuliko alivyoondoka, na fedha ya blanketi imekwisha. Jumapili, Misa ya kwanza, maji ya baraka mlangoni huguswa kwa ncha ya kidole kimoja. Ndani waona mizula, makabuti ya mitumba na migolole, na kikohozi huitikia kabla ya kwaya.

Haya yote ni ya kucheka. Jambo moja si la kucheka hata kidogo.

Wazee wa Iringa walipata kukaa na watu waliotoka katika baridi ya kweli. Kuanzia mwaka 1942, wakimbizi wa Kipolandi waliletwa Tanganyika, na baadhi yao wakawekwa kambini Ifunda na Kidugala. Wengi walikuwa akina mama na watoto, Wakatoliki kama sisi. Warusi walikuwa wamewahamisha kwa nguvu mpaka Siberia na Kazakistani; kisha wakapitia Uajemi, ndipo wakafika huku. Kwao Polandi, wakati wa baridi, maji hugeuka barafu. Katika miji yao watu walizoea kuwasha makaa ya mawe ndani ya nyumba, katika meko yaliyojengwa ukutani, yenye bomba la kutoa moshi nje. Na hata hivyo, mpaka leo, kila majira ya baridi wako watu huko wanaokufa kwa sababu bomba limeziba au hewa haipiti.

Basi, ikiwa mwenye bomba anakufa, sisi tusio na bomba je? Jioni mama apika, chakula kimekwisha, makaa bado mekundu. Yaonekana ni hasara kuyaacha nje. Jiko laingizwa chumbani, dirisha lafungwa, tambara lawekwa chini ya mlango. Asubuhi majirani wanabisha hodi, hakuna aitikiaye. Habari za namna hii tumezisikia mara nyingi mno katika nyanda zetu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Huingia katika damu ikashika mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi humchukua. Kuweka beseni la maji karibu na jiko hakusaidii. Makaa yanayofifia nayo bado yana sumu. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje, mpelekeni hospitali upesi.

Tena tuulize: ni nani hasa aingizaye jiko? Mara nyingi ni bibi alalaye peke yake, mwenye blanketi moja lililochakaa. Kumkataza jiko bila kumpa kitu cha kujifunika ni kazi nusu. Mpeni blanketi la pili, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa katika kitambaa, au mjukuu wa kulala naye. Mtakatifu Martino, alipokuwa bado askari, alimkuta maskini langoni pa mji wakati wa baridi, akalikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Hatukuambiwa kwamba alimwachia jiko.